Ombi Lililozunguka Chuo

Ilikuwa mwaka wa 2005, mwanzoni mwa vuli. Kila alasiri mawingu yalikusanyika juu ya vilima vya Iveti na kutawanyika bila kudondosha hata tone, na watu wa Machakos walikuwa wameanza kuyatazama kwa dharau. Ulikuwa pia mwezi wa Ramadhani. Hilo halikuwa jambo la kukumbukwa katika Chuo Kikuu cha Penieli, chuo cha kanisa kilichojengwa kando ya barabara ya Masii. Hata Mueni, matroni wa mabweni ya wasichana, aliyekuwa na sababu ya kulikumbuka kuliko wenzake wote, hakulikumbuka.

Alichokiona Mueni ni mkebe wa chakula. Kila alfajiri alimfungia mumewe muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchanganywa na mbaazi, na kila jioni mkebe ulirudi ukiwa na uzito ule ule. Alipoufungua, chakula kilikuwa kimeganda, hakijaguswa hata kwa ncha ya kijiko.

"Jeremiah, leo pia hukula?"

"Sikuwa na njaa."

"Jana hukuwa na njaa. Juzi hukuwa na njaa. Njaa imehama Machakos?"

Jeremiah alicheka kidogo, akaenda kuosha miguu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwa miaka mingi alikuwa mkataji wa vitambaa katika kiwanda kimoja cha nguo kule eneo la viwanda la EPZ, Athi River, mpaka kiwanda kilipopunguza watu mapema mwaka huo, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Tangu Juni alifanya kazi kwa Hirad, Msomali aliyeuza mbuzi katika soko la mifugo la mjini. Jumapili walikwenda Masinga na Ekalakala kununua mbuzi, Jumatatu waliwauza. Kwa hiyo kiti cha Jeremiah kanisani kilikuwa kitupu miezi mingi, na Mueni alikuwa amechoka kukitolea maelezo.

Lakini kiti hakikumtia hofu kama mkebe. Alimfahamu mtu mmoja wa ukoo wao aliyeachishwa kazi, akaanza kwa kuacha chakula cha mchana, akaacha cha jioni, akaacha na kuzungumza, mwisho akazikwa. Mueni alilala akiufikiria mkebe na kuamka akiufikiria.

Basi Jumatano ilipofika, aliupeleka wasiwasi wake mahali ambapo wafanyakazi wote wa Penieli walipeleka wasiwasi wao.


Desturi ya chuo ilikuwa hivi. Kila Jumatano asubuhi, kabla ya kazi, wafanyakazi walikutana katika vikundi vya maombi: jikoni walikuwa na chao, mashamba na ulinzi chao, ofisi za uhasibu chao, wahadhiri chao, na watu wa mabweni walikutana na watu wa maktaba. Kila mtu alieleza haja yake, akaombewa. Alhamisi viongozi wa vikundi walikutana na kupashana haja zile, ili chuo kizima kibebe mzigo wa kila mmoja. Ilikuwa desturi njema. Wajane walikuwa wamefarijiwa kwayo, na wagonjwa walikuwa wametembelewa kwayo.

Kiongozi wa kikundi cha Mueni alikuwa Waruguru, msaidizi wa mkutubi. Alikuwa mzaliwa wa Nyeri, mke wa mfanyabiashara aliyeuza vifaa vya ujenzi mjini, naye alikuwa na kipawa cha kuomba. Watu walisema kwamba Waruguru akikuombea, unasikia joto mgongoni.

"Dada Mueni, leo umenyamaza," Waruguru alisema. "Una haja?"

"Niombeeni mume wangu. Hali chakula cha mchana. Kinarudi kama nilivyokifunga."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi huu uanze."

"Bado yuko kwa yule Msomali?"

"Bado."

"Na kanisani?"

"Jumapili wako safarini, wananunua mbuzi."

"Aaai," Waruguru alisema taratibu, na macho yake yalikuwa yamekwisha kufumba. "Mungu anajua, dada. Mungu anajua yote."

Akaomba. Aliomba kwa huruma, kwa maneno yaliyopangika, na machozi yalimlengalenga. Mueni alisikia joto mgongoni. Alitoka pale akiwa mwepesi, akaenda kuhesabu mashuka ya wanafunzi kwa moyo mtulivu ambao hakuwa nao kwa majuma mengi.


Ijumaa, baada ya ibada ya chuo, watu walimshika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mhadhiri mmoja wa historia ya kanisa, ambaye katika miaka yake yote pale hakuwahi kumsalimia Mueni isipokuwa taa za bweni zilipozimika, alimjia na kumwambia, "Tunasimama nawe, dada." Msichana wa mwaka wa pili alisema, "Matroni, pole sana," akakimbia kabla ya kuulizwa.

Nthambi wa jikoni ndiye aliyemvuta nyuma ya rundo la kuni.

"Mama Ndinda, ni kweli?"

"Kweli ya nini?"

"Usinifiche mimi. Jikoni tumekuombea mpaka sukuma wiki ikaungua."

"Mmeniombea nini?"

"Si huyo mume wako! Ati siku hizi anaitwa Yusufu."

"Yusufu gani?"

"Mimi nitajua? Tumeambiwa amesilimu, amepewa jina, na Hirad anamwoza binti yake."

"Hirad hana binti. Ana wavulana watupu."

Nthambi alifikiri kidogo. "Basi tumeomba kwa nguvu bure," alisema, akaanza kucheka. Lakini alipoutazama uso wa mwenzake, kicheko kilimkauka. "Kiongozi wetu alitueleza. Naye aliambiwa na viongozi wenzake. Si ndivyo maombi yanavyokwenda?"

Ndivyo yalivyokwenda. Waruguru aliwaambia viongozi kwamba mume wa matroni alikuwa anafunga pamoja na Waislamu, kwa maana hakuona sababu nyingine ya mtu kuacha chakula mwezi wa Ramadhani. Aliyeyasikia hayo aliwaambia wa kwake kwamba mtu hafungi mfungo wa dini asiyoifuata. Kikundi kilichofuata kiliomba dhidi ya jina jipya, maana anayesilimu hupewa jina. Na jikoni waliomba dhidi ya ndoa, maana mwanamume habadili dini bila mwanamke. Hakuna aliyekusudia uongo. Kila mmoja aliongeza kidogo kwa upendo, ili ombi liwe na uzito mbele za Mungu.

Mueni alisimama kando ya zile kuni. Ramadhani. Alikuwa ameutazama mkebe kwa macho yote mawili, asiutazame mwezi.


Kasisi wa chuo, Mchungaji Kimeu, alimwita Jumanne. Alikuwa mtu mpole ambaye hakupenda kumwumiza mtu, na kwa sababu hiyo aliumiza polepole. Aliagiza chai. Mlango wa ofisi uliachwa wazi, kama ilivyokuwa kanuni kasisi alipozungumza na mwanamke. Na katika chumba cha nje, mashine ya kuchapa ya karani ikaacha kulia.

"Nyumbani hawajambo, dada?"

"Hawajambo, Mchungaji."

"Mwanenu Ndinda anajiandaa kwa mtihani wa darasa la nane?"

"Anajiandaa."

"Tunamwombea." Akakoroga chai yake, ingawa ilikuwa imekwisha kukorogwa. "Unaijua Kanuni ya Maisha ya chuo. Inamhusu mfanyakazi na nyumba yake. Na mkataba wako unaisha Desemba. Mimi binafsi sina wasiwasi wowote nawe."

"Mume wangu hajasilimu."

"Ninafurahi kusikia."

"Namjua, Mchungaji. Nimeishi naye."

"Hakuna anayekataa. Ila kamati ya chuo ingependa kusikia kutoka kwake mwenyewe. Ijumaa ya juma lijalo, wakati wa shuhuda, aje asimame mbele, aseme kwamba bado yu ndani ya wokovu. Dakika chache tu. Tutampigia makofi, na jambo litakwisha."

"Na asipokuja?"

Mchungaji Kimeu alimtazama kwa huzuni ya kweli. "Kwa nini asije, dada, ikiwa hakuna kitu?"

Mueni alimaliza chai kwa sababu kuiacha kungeonekana kama kiburi. Alipopita katika chumba cha nje, karani alikuwa ameinama, akitafuta kitu katika droo iliyokuwa tupu. Mueni akarudi bwenini kwa njia ya nyuma. Nyumba waliyoishi, vyumba viwili na bomba nje, ilikuwa ya chuo. Mkataba ukiisha, nayo ingeisha. Ndinda alisomea juu ya meza ya nyumba hiyo.


Jeremiah alirudi jua likiwa bado juu ya mikalitusi. Alikaa kwenye jiwe kando ya bomba, akakunja suruali. Alinuka mbuzi na vumbi. Mueni alimletea sabuni, akabaki amesimama.

"Umesilimu?"

Jeremiah alidhani ni mzaha. Alicheka mpaka akainua uso. Akaona kwamba si mzaha.

"Nani anasema?"

"Chuo kizima. Wanakuita Yusufu."

"Yusufu." Alilipima jina lile mdomoni. "Na wewe? Unaniitaje?"

"Nakuuliza, Baba Ndinda. Mbona huli?"

Alijipaka sabuni mguu mmoja mpaka ukawa mweupe wote, kisha akasema, "Tuko watu wanane pale zizini. Saba wamefunga. Wanashika mbuzi juani tangu asubuhi, midomo imepasuka. Nifungue muthokoi wako mbele yao, nile? Harufu yake tu ingekuwa matusi."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Ulitaka kubwa zaidi?"

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia nini? Kwamba nina adabu?"

Mueni alitaka kucheka na kulia pamoja. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimweleza habari za Mchungaji, za Ijumaa, za makofi. Jeremiah alisikiliza bila kukatiza. Mueni alipomaliza, mumewe alifungua bomba, akasuuza miguu, akafunga bomba vizuri ili lisivuje.

"Mimi nilibatizwa Mbooni," alisema, "na baba yangu alikuwa mzee wa kanisa kabla kasisi huyo hajaota meno. Nikisimama pale kuapa kwamba si Mwislamu, watakaotoka pale watasema kulikuwa na kitu. Na Hirad atasikia. Mji huu ni mdogo. Ataniuliza, 'Jeremiah, ulikuwa unajisafisha na uchafu gani? Uchafu wetu?' Nitamjibu nini? Nilipofukuzwa kazi, watu wa kanisa walikuja hapa wakaniombea nipate kazi. Walikula chapati, wakaenda. Hirad hakuniombea. Alinipa kamba akasema, 'Kesho, saa kumi na mbili.'"

"Na nyumba? Na mtoto?"

Jeremiah aligeuza uso kuelekea mlangoni. Ndani, Ndinda alikuwa akijisomea kwa sauti majina ya mito.

"Kusimama siwezi," alisema hatimaye. "Lakini naweza kuacha kazi. Waambie nimetoka kwa Wasomali. Hilo litawatosha."

Alilisema bila hasira, na Mueni, kwa aibu yake, alisikia nafuu. Alilala na nafuu hiyo. Asubuhi aliamka, akaikuta imegeuka kuwa kitu kingine.


Jumatatu aliomba ruhusa, akaenda sokoni. Hakuwa amewahi kufika pale. Alidhani atamkuta mumewe amejificha katika kazi ya aibu. Akamkuta katikati ya zizi, ameshika mbuzi dume kwa pembe, akibishana bei kwa Kikamba na mzee wa Yatta huku watu wakiwazunguka na kucheka. Alikuwa mwepesi. Mueni hakuwa amemwona hivyo tangu siku za kiwanda.

Hirad alimjia kabla Jeremiah hajamwona. Alikuwa mtu mrefu, midomo mikavu, na Kikamba chake kilikuwa cha Masinga kabisa.

"Wi museo, mwaitu? Wewe ndiye Mama Ndinda."

"Ni museo. Ndiye mimi."

"Ni vizuri umekuja. Mumeo ananiambia anaacha mwisho wa mwezi. Nimeuliza sababu, anatazama mbuzi. Mama, nimemkosea nini?"

Mueni alimtazama mumewe kule katikati ya zizi.

"Kama ni njaa," Hirad aliendelea, "mimi namwambia kila siku, 'Mzee, kula, wewe si wetu, hakuna atakayekasirika.' Anakataa! Vijana wangu wenyewe wengine wanaiba maji nyuma ya choo, yeye Mkristo anakaa mkavu. Nimewaambia, 'Mtazameni huyu, muone haya.' Kama nimemwudhi kwa kumsema hivyo, mwambie anisamehe."

"Hujamwudhi," Mueni alisema. "Ni mambo ya kwetu."

"Mambo ya kwenu," Hirad aliitikia kwa heshima, bila kuuliza zaidi.

Mueni aliondoka bila kuzungumza na mumewe. Njiani alitambua kwamba hakuweza kumwambia mtu yule kwamba watu walikuwa wameomba, kwa machozi, mumewe aokolewe kutoka mikononi mwake.


Waruguru alikuwa akipanga vitabu katika rafu za nyuma, miwani yake imening'inia kifuani kwa uzi.

"Dada Mueni! Bwana asifiwe. Nilikuwa ninakuja kwako. Ndugu Jeremiah anaendeleaje?"

"Anafunga," Mueni alisema, "kwa sababu hataki kula mbele ya wenye njaa. Ni adabu tu. Wewe uliwaambia viongozi nini?"

Waruguru alishusha kitabu. Uso wake ulibadilika, na kwa haki lazima isemwe kwamba hakujitetea mara moja.

"Niliwaambia anafunga na Waislamu."

"Mimi nilikuambia hali chakula."

"Si ni kitu kile kile?"

"Ni kitu kile kile? Sasa anaitwa Yusufu, ana mke wa pili, na Ijumaa anatakiwa kuja kupigiwa makofi kwa kuwa vile alivyokuwa siku zote. Anaacha kazi, Waruguru. Kwa ajili ya mkataba wangu anaacha kazi."

"Ngai!" Waruguru alikaa kwenye ngazi ndogo ya maktaba. "Nisamehe. Nisamehe, dada yangu. Njoo tushikane mikono, tuombe sasa hivi."

"Sitaki maombi."

Neno hilo lilisikika vibaya sana katika jengo lile, na wote wawili walilisikia.

"Msamaha wa hapa, kati ya vitabu, ni wako na wangu," Mueni alisema kwa sauti ya chini zaidi. "Lakini mume wangu hakusemwa kati ya vitabu. Alisemwa jikoni, alisemwa kwa walinzi, alisemwa kwa wahasibu na kwa walimu. Rudi huko. Pita kila kikundi, useme nilichokuambia mimi, na ulichoongeza wewe."

"Nilikuwa ninakuombea! Kuombea mtu ni dhambi?"

"Sijui kama ni dhambi. Ni deni."

"Unajua unachoniomba?" Waruguru aliuliza. "Mimi hapa ni mtu wa kuja. Kuna wanaosema tangu zamani, yule wa Nyeri ana mdomo. Kitu kimoja tu wananiheshimia: kuomba. Nikisimama mbele yao niseme niliomba uongo, nitabaki na nini?"

Mueni alimhurumia, na hakutarajia kumhurumia. Lakini alikuwa amemwona Hirad akiomba radhi kwa kosa lisilokuwapo.

"Utabaki na ninachobaki nacho mimi," alisema, akatoka.


Siku ile ile Mueni alipita kwa Mchungaji Kimeu, akamwambia, mlango ukiwa wazi, kwamba Jeremiah hatakuja kutoa ushuhuda na wala hataacha kazi. Hilo la pili alikuwa hajamwambia hata Jeremiah mwenyewe. Alimwambia jioni, naye akamtazama kana kwamba mkewe ndiye aliyebadili jina.

"Watatufukuza, Mama Ndinda."

"Watufukuze. Umbali wa kutoka hapa mpaka zizini kwa Hirad nimeujua."

Ijumaa ilifika. Ukumbi wa ibada ulijaa kuliko kawaida, maana habari za ushuhuda zilikuwa zimetangulia. Wakati wa shuhuda ulipofika, Mchungaji Kimeu alitazama mlangoni, na watu wote wakatazama mlangoni. Mueni peke yake alitazama mbele. Shingo yake ilimwuma kwa kutogeuka.

Hakuna aliyeingia.

"Wapendwa," Mchungaji alisema mwishowe, "tuinamishe vichwa. Kuna nyumba moja tunayoifahamu. Tuipaze mbele za Bwana, kila mtu kwa sauti yake."

Ukumbi mzima ukaanza kuomba. Sauti zilipanda kama mvua juu ya mabati, na Mueni alikaa katikati yake kama mtu anyeshewaye bila mahali pa kukimbilia. Mbele yake kidogo aliketi Waruguru. Wote waliomzunguka walikuwa wamenyoosha mikono, na walikuwa wakisubiri, kama kila Ijumaa, sauti yake ipande juu ya nyingine na kuziongoza. Haikupanda. Waruguru alikuwa amefumba kinywa, mikono mapajani, akiwasikiliza watu wakiomba kwa maneno yake.


Jumatano kikundi cha mabweni na maktaba kilimngoja kiongozi wake, asije. Waliomba bila yeye, kwa ufupi na bila joto. Walipokuwa wakitawanyika, Nthambi alikuja mbio, aproni ikipepea.

"Mama Ndinda! Mwenzako yuko kwetu."

"Nani?"

"Waruguru! Ameingia jikoni, amesimama kati ya masufuria, amesema, 'Leo msiombe kwanza, nisikilizeni.' Halafu amesema, 'Dada Mueni alisema mumewe hali chakula cha mchana. Hayo tu. Mengine niliyapika mimi.' Mimi nikamwambia, 'Na sisi tukatia chumvi.' Hakucheka. Mimi pia sikucheka tena."

"Watu wamesema nini?"

"Nini? Kiongozi wetu amesema, 'Kwa hiyo huyo binti wa Hirad…' Waruguru akamwambia, 'Hayuko, ndugu. Hajawahi kuzaliwa.'"

Waruguru alianza na kikundi cha mwisho kusikia, akarudi nyuma. Kutoka jikoni alikwenda kwa walinzi na watu wa mashamba, Jumatano iliyofuata kwa wahasibu, kisha kwa wahadhiri. Pale kwa wahadhiri, ilisemekana, mmoja alimwuliza kama si hatari kuwafundisha watu kutilia shaka maombi. Akajibu kwamba hakuja kufundisha. Wengine walimpongeza kwa unyenyekevu, jambo lililomwumiza kuliko lawama. Wengine walisema, kama alivyoogopa, kwamba walijua tangu zamani. Viongozi walimshauri apumzike uongozi kwa muda. Alipumzika.

Kamati ilikaa katikati ya Novemba, Ndinda akiwa amekwisha kufanya mtihani. Mchungaji Kimeu alimwita Mueni, akampa mkataba mpya. Ulikuwa wa mwaka mmoja.

"Siku zote umekuwa wa miaka mitatu," Mueni alisema.

"Ndiyo."

"Na jambo limesahihishwa."

"Limesahihishwa." Mchungaji aliitazama kalamu yake. "Watu wakishaomba sana juu ya kitu, dada, ni vigumu kwao kukubali kwamba hakikuwapo. Wape muda."

Mueni aliusoma mkataba wote, kila mstari, huku kasisi akingoja. Kisha akatia sahihi.


Waruguru alimsubiri nje ya ofisi, amevaa viatu vyake vya kanisani.

"Amebaki mmoja," alisema. "Nipeleke."

Idd ilikuwa imepita, na mvua ilikuwa imenyesha hatimaye. Zizi la sokoni lilikuwa tope. Waruguru alitembea ndani yake bila kutazama viatu. Jeremiah aliwaona, akamwachia kijana kamba, akaja akijifuta mikono kwenye suruali. Hirad, aliyekuwa akinywa chai chini ya turubai, aliagiza viti na vikombe. Mueni alikaa. Waruguru hakukaa.

"Nikikaa nitakunywa chai yenu na kusahau nilichokuja kufanya," alisema. "Ndugu Jeremiah, mimi ndimi niliyesema kwamba umesilimu."

Jeremiah alimtazama mkewe, kisha akamtazama Hirad kwa hofu. Ndilo neno alilokuwa amelificha mwezi mzima, nalo lilikuwa limeanguka mezani kati ya vikombe. Hirad aliweka chai chini.

"Amesilimu? Huyu?"

"Nilisema hivyo, mzee. Chuo kizima kikaomba."

"Mama," Hirad alisema, na mabega yake yakaanza kutikisika, "jambo kama hilo si sisi tungejua kwanza?"

Vijana wa zizini waliangua kicheko, na hata Jeremiah alilazimika kuuma mdomo. Waruguru alikingoja kicheko kile kipite, kichwa ameinamisha, kama mtu anayengoja malori yapite ili avuke barabara. Kisha akaendelea. Alisema yote kwa utaratibu: alichoambiwa, alichokiongeza, alipokipeleka, kwamba kwa ajili hiyo mtu alikaribia kuacha kazi, na nyumba ilikaribia kupotea, kwamba wenye zizi lile walihesabiwa uchafu bila wao kujua. Alisema amepita kwa wote waliosikia, na kwamba alikuwa amelibakiza deni hili la mwisho kwa sababu ndilo lililokuwa kubwa.

Jeremiah hakucheka tena. Alikwangua tope kwenye kiganja chake.

"Dada," alisema, "uliniombea nini hasa?"

"Niliomba urudi."

"Nirudi kutoka wapi?"

Waruguru aliinua macho. Alilitazama zizi, akawatazama mbuzi waliolowa, akamtazama Hirad na kikombe chake, na Mueni aliyekuwa ameketi karibu na mumewe.

"Sijui," alisema. "Sikuuliza."